Nikifa Nani Atamwogesha?

Mwezi uliopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba mdogo wangu mwenye mtindio wa ubongo anaishi chumba chake mwenyewe, anapika na kodi analipa, halafu nikaendelea na habari nyingine kabisa nikidhani imepita hiyo. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zilizokuja zimezidi hata zile za mwezi wa michango ya harusi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: huyu mtoto wetu amekua, sasa tunafanyaje? Nimechagua tano na kaswali kamoja kafupi, majina na mitaa nimefuta. Mi sio daktari wala mwanasheria jamani, mi ni dada wa mtu ambaye tulimfunga kamba za viatu mpaka ana miaka 17, na hiyo ya kamba nitawaeleza maana ndo shule yangu yote ilipoanzia.

*Dada habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, huyu wa tatu ana miaka 19 na ana sindromu ya Down, mtaani wanamwita taahira lakini nyumbani tunamuita Babu. Alisoma kwenye kitengo cha elimu maalum shule ya msingi akamaliza ana 16, tangu hapo yuko nyumbani na mimi. Namwogesha, namvalisha, chakula namtengea. Hana shida na mtu, anapenda redio na kufagia uwanja tu. Mwaka huu nimekutwa na presha na sukari, usiku silali nawaza nikifa nani atamwogesha, ndugu zake wana familia zao. Nisaidie mawazo.*

Shikamoo mama yangu. Pole na presha, pole na kukesha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna neno umeliandika harakaharaka kama halina uzito. Kufagia. Mama, mtu anayefagia uwanja anajua pa kuanzia na pa kuishia, anainama anainuka hadondoki, mikono ina nguvu, taka anajua zinakusanywa wapi na anajua kazi imeisha au bado. Sasa huyo anashindwaje kujisugua na dodoki? Hajashindwa, hajawahi kupewa hilo dodoki.

Sikulaumu kabisa, na hapa ndo nieleze habari ya kamba. Mdogo wangu vidole vyake vinakaza, ukimwambia fanya haraka vinakaza mara mbili. Gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili kasoro, mama anapiga magoti, sekunde kumi kamba zimefungwa, watu wanakimbia. Miaka ikapita hivyo hivyo. Sasa mwaka fulani mama akaenda msibani Kilosa siku nne nikabaki nae mimi, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane siwezi kuinama, yaani msinisifie kwamba nilikuwa na akili sana, tumbo ndo lilikataa. Nikamwambia dogo jaribu mwenyewe. Siku ya kwanza dakika 25, jasho linamtoka, mi nikaenda kulia chooni. Siku ya nne dakika tisa, kamba zimekaa upande upande lakini zimefungwa. Mama aliporudi tu akapiga magoti kama kawaida, dogo akarudisha mguu nyuma akamwambia acha. Mama alinuna siku mbili nzima!

Kwa hiyo najua ninachokuomba sio kidogo. Nakuomba uweke mikono mfukoni uangalie mwanao anahangaika, na wewe una uwezo wa kumaliza hiyo kazi kwa dakika mbili.

Namna ya kuanza iko hivi. Wale wataalamu wa tiba kwa kazi hospitalini, ambao wenyewe wanajiita OT, wana mbinu ya kufundisha kuanzia mwisho. Kuoga unakugawa vipande: kuchota maji, kuvua nguo, kujimwagia, kujisugua na sabuni, kusuuza, kujifuta, kuvaa. Wiki ya kwanza au hata tatu, wewe unafanya vyote isipokuwa cha mwisho, shati analivaa yeye, vifungo viwili vya juu acha kama vinamshinda. Akizoea unarudi nyuma hatua moja, anajifuta na kuvaa. Halafu anasuuza, anajifuta, anavaa. Kwa nini uanzie mwisho? Kwa sababu kila siku anayemaliza kazi ni yeye, anatoka bafuni amemaliza yeye, na sio kwamba ameanza akashindwa wewe ukaja kuokoa. Ukianzia mwanzo kila siku atakuwa mtu wa kuachia kazi njiani.

Kitu kingine, mpige picha kwa simu akiwa kwenye kila hatua, zile za staha tu, peleka steshenari wakuprintie na kupitishia laminesheni uzipange kwenye mlango wa bafu kwa mfuatano. Watu wenye sindromu ya Down wengi wanashika haraka zaidi wanachokiona kuliko unachowaambia kwa mdomo, na wewe ukimuimbia maelekezo ishirini ataishia kuduwaa utasema haelewi. Maji ya moto mfundishe kujaribu kwa kiwiko. Na mama naomba niliseme hili kwa heshima zote, huyo ni mwanaume wa miaka 19, ajue kwamba mwili wake una mlango na mlango unafungwa.

Bafu likikaa sawa hamia dukani. Ongea na Mangi mwenye duka kwanza, mwambie Babu atakuja na hela kamili ya kitu kimoja tu, kiberiti, usimpe kitu hajasema, msubiri aseme hata kama foleni imejaa. Mwezi huo kiberiti kitajaa nyumbani, vumilia. Halafu vitu viwili, halafu hela yenye chenji. Atadhulumiwa siku moja, najua, hata mi nimeshadhulumiwa chenji na nina digrii.

Na hiyo kufagia iwe kazi. Kuna saluni, kuna msikiti au kanisa, kuna shule hapo jirani, kuna mama mwenye nyumba za kupanga. Mtafutie sehemu moja, siku tatu kwa wiki, saa zile zile, na alipwe HELA sio soda na kuambiwa baba umesaidia. Hili nalisisitiza maana watu wetu wanaona mtu mwenye ulemavu wa akili akifanya kazi ni kama anacheza. Pale Iringa kuna Neema Crafts, ilianza 2003, vijana wenye ulemavu wanatengeneza vitu vya mikono vinauzwa, na kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka kula au unaonyesha kwa ishara, na chakula kinakuja. Wale ni wafanyakazi, wanalipwa. Serikali nayo ina vyuo vyake vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, Yombo pale Dar, Sabasaba Singida, Luanzari Tabora, njia ya kuingilia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, nenda na Babu mwenyewe usiende na picha.

Kuhusu ndugu zake. Usisubiri ukilazwa. Waite Jumapili moja, pika vizuri, na Babu awepo kikaoni hapo hapo sio ametumwa nje. Usiwaulize nani atamtunza, hilo swali linatisha na kila mtu ataangalia sakafu. Wagawie vipande kama bafu. Nani atashika mambo ya kliniki, nani ataongea na mwajiri wake, nani atakuwa anakuja kila Jumamosi, nani atasimamia hela yake akiwa nayo. Chukua daftari kubwa uandike au waandikishe wajukuu: anakula nini, anaogopa nini (nahisi radi, wengi wanaogopa radi), akikasirika anatulizwaje, dawa zake, rafiki zake mtaani ni nani. Kama kuna kiwanja au vyumba unataka viwe vyake andika wosia wenye mashahidi, usimwachie kaka mkubwa kwa maneno ya mdomo hata kama ni malaika, malaika ana mke na mke ana ndugu.

Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA ameshapata? Ana 19, anastahili tangu 18. Bila NIDA hata laini ya simu hasajili kwa jina lake, wala akaunti ya benki haifungui kirahisi. Na akianza kuwa mzito, analala sana, ananenepa ghafla, usiseme ndo alivyo, watu wa hali yake wanapata sana shida ya tezi ya shingoni na inatibika kwa vidonge, mpeleke akapime.

*Dada mambo. Nina miaka 21, sioni kabisa tangu nina miaka sita. Nimesoma bweni maisha yangu yote sasa nimepata chuo Dodoma. Mama anang'ang'ania binamu yangu aje akae na mimi anipikie na kunishika mkono. Mi nataka geto langu. Nimwambieje bila kumuumiza?*

Poa mdogo wangu na hongera ya chuo!!

Mama yako hakatai geto, anakataa picha iliyoko kichwani mwake ya wewe na jiko la gesi. Kwa hiyo usibishane nae kwa maneno, mpikie. Likizo hii ingia jikoni umwambie akae kwenye kiti asiguse. Sufuria inakaa kwenye jiko kwanza ikiwa imejaa maji na umeshaipapasa iko katikati, ndo unawasha, usiwashe halafu ukaanza kutafuta sufuria juu ya moto. Shati la mikono mirefu inayopepea vua. Maji yakichemka yanajisema yenyewe. Na maji ya wali sote tunapima kwa pingili ya kidole, wenye macho na wasio na macho, hapo hakuna cha kufundishana.

Binamu mkubali, lakini kwa wiki mbili na kwa kazi maalum. Asiwe mpishi, awe mwalimu wa njia. Siku za kwanza mtembee alfajiri wakati bodaboda hazijachachamaa, wewe na fimbo yako nyeupe mbele, yeye nyuma kidogo, mnahesabu alama: mtaro usio na mfuniko uko wapi, duka lenye redio, harufu ya chipsi, lami inapoishia vumbi linaanza. Kisha anakufuata kwa mbali kimya kimya. Kisha anabaki chumbani. Kisha anapanda basi anarudi kwao na mama anapewa ripoti.

Chumba chagua cha chini, choo kiwe ndani au jirani kabisa, na mwenye nyumba mwambie mapema kwamba vitu vya uani visihamishwe hamishwe, ndoo ikiachwa mlangoni ni goti lako. Hela weka mtindo wako wa kukunja: elfu moja haikunjwi, elfu mbili kunja mara moja, elfu tano mara mbili, elfu kumi ikae mfuko mwingine kabisa. Mtu akikupa chenji muulize hii shingapi moja moja na uikunje hapo hapo mbele yake, usijaze tu kwenye pochi. Simu janja nyingi za Android zina kisomaji kinaitwa TalkBack, kipo tayari kwenye seting, kiwashe. Kwenye zile menyu za kutuma pesa shida yake ni kwamba kisomaji hakijamaliza kusoma na menyu imeshakatika, inaudhi kweli, rafiki yangu asiyeona anatumia aplikesheni ya mtandao wake badala ya menyu za nyota na alama ya reli. Ila kwa vyovyote vile namba ya siri USIMTAJIE wakala, hata awe mpole namna gani, hata akisema dada lete nikusaidie. Na sikioni vaa hedifoni sikio moja tu ukiwa barabarani.

Mkopo wa elimu ya juu kama hujaomba kumbuka waombaji wenye ulemavu wanapewa kipaumbele lakini inatakiwa fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa mkoa au wilaya, watu wengi wanakosa kwa sababu ya hiyo karatasi moja. Chuoni siku ya kwanza kabla hata ya kutafuta darasa nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi ujitambulishe.

*Naomba nisitajwe. Binti yangu ana miaka 15, ana ulemavu wa akili, kavunja ungo mwaka jana. Shemeji yangu ananishauri tumpeleke akafungwe kizazi kabla hajaharibiwa na wahuni. Roho yangu inasita. Ni dhambi au ni kumlinda?*

Dada yangu, roho yako isikilize.

Kufunga kizazi hakumlindi na kubakwa. Kunaficha tu. Mhuni akijua huyu hatashika mimba ndo kabisa amepata nafasi, maana ile alama ambayo ingemuumbua haitatokea. Halafu mara nyingi sana anayewafanyia hivi watoto wetu si mhuni wa mtaani, ni mtu anayejulikana pale nyumbani, anayeletewa chai. Siongei kumsema shemeji yako, naongea kwa ujumla, ila macho yawe wazi kwa wote. Na kisheria pia, Tanzania iliridhia mkataba wa umoja wa mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 23 ya mkataba huo inasema wazi kwamba watu wenye ulemavu wakiwemo watoto wanabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Kama baadae akiwa mkubwa kuna haja ya uzazi wa mpango, njia zipo ambazo si za kudumu, mtaongea na mtoa huduma na YEYE akiwa amekaa hapo anasikia.

Sasa kumlinda. Anza na pedi, maana binti anayejibadilisha mwenyewe hahitaji mtu wa kumvua nguo, na hao watu wa kumvua nguo wakipungua na hatari inapungua. Chukua chupi yake mpya, weka pedi pale inapokaa, ichore pembezoni kwa kalamu isiyofutika, toa pedi. Umebaki mchoro. Afanye mazoezi ya kubandika ndani ya mchoro siku ambazo hayupo kwenye siku zake, mara kumi, mara ishirini, mkicheka. Kalenda ya ukutani weka stika nyekundu. Pedi zilizotumika zina mfuko wake na mfuko una sehemu yake.

Viungo vya siri mfundishe majina, ya kweli au mnayotumia nyumbani lakini yawe yanaeleweka na mtu mwingine, maana mtoto akienda kusema amenigusa "ua langu" mwalimu atadhani ni bustani. Na neno hapana alifanyie mazoezi kwenye vitu vidogo, na likubaliwe! Akisema hapana sitaki kumkumbatia anko, anko asikumbatiwe, mwisho. Sisi tunawalea watoto wenye ulemavu wa akili wawe watiifu kwa kila mtu, tunawasifia, ooh huyu mpole ukimwambia kaa anakaa, halafu tunategemea siku ya hatari aanze kukataa. Atalitoa wapi?

Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, usimwogeshe na nguo usifue. Hospitali haraka, dawa ya kuzuia maambukizi ya ukimwi inatakiwa ndani ya masaa 72. Polisi ulizia dawati la jinsia na watoto. Namba ya simu kwa mtoto ni 116, bure. Na vikao vya kuyamaliza kifamilia na mbuzi mmoja usikubali.

*Habari mwandishi, mwanangu wa kiume ana ualbino, kamaliza kidato cha nne. Baba yake anataka akauze matunda stendi kama wenzake. Inafaa?*

Kuuza inafaa, jua ndo halifai. Ngozi yake haina ile rangi inayotukinga sisi, na saratani ya ngozi kwao inaanza mapema. Atafute biashara ya kivulini, kama ni stendi basi ndani ya fremu, saa nne hadi saa kumi asikae juani kabisa. Kofia ya ukingo mpana sio kapelo, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kila siku, kuna ya Kilisun yanatengenezwa hapo hapo Moshi kwenye hospitali ya KCMC mahsusi kwa ajili yao. Hayo ni dawa, mzee asiyaite vipodozi. Kidonda kikikaa wiki kadhaa bila kupona aende kliniki ya ngozi. Macho nayo apimwe, na kwenye duka bei aziandike kwa herufi kubwa nyeusi.

*Kaka au dada sijui nani anajibu. Nina 24, nilikatwa mguu wa kulia kwa ajali ya bodaboda. Nataka kuendesha bajaji, ndugu wanasema nitafute kazi ya ofisini ya kukaa, wengine wanasema kuna hela za serikali za walemavu. Ushauri.*

Ni dada, karibu mdogo wangu.

Kazi ya ofisini tafuta sawa, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia tatu ambao ni watu wenye ulemavu, na kwenye barua yako hakuna ubaya wa kuitaja kwa adabu. Ila kwa maoni yangu binafsi ukikaa nyumbani unasubiri hiyo asilimia utazeeka na bahasha mkononi. Kama moyo wako uko kwenye bajaji, nenda kwenye bajaji, walioko humo na hawana mguu au miguu wapo wengi, kaa nao kijiweni wiki nzima kabla hujatoa hata shilingi. Bajaji mafuta, klachi na gia vyote viko mkononi, shida yako ni breki ambayo inakanyagwa kwa mguu. Mafundi wanaunga chuma kutoka kwenye pedali kinapanda juu unavuta kwa mkono. Usifanyiwe na fundi wa kwanza tu, panda bajaji ya mwenzako iliyofanyiwa hivyo, vuta hiyo breki mwenyewe kwenye mteremko, ndo umwite fundi huyo huyo. Leseni na bima visikose, na hayo mabadiliko trafiki wayaone kabla hujabeba abiria.

Hela za serikali zipo, ni ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haina riba lakini ni MKOPO, kuna watu mtaani kwetu waliipokea kama mchango wa msiba sasa wanapita njia za nyuma. Masharti ya ukubwa wa kikundi yamekuwa yakibadilika kwa hiyo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akupe ya sasa, usichukue ya kijiweni. Kama ni lazima kikundi, ingia na watu ambao ungewaazima bajaji yenyewe, maana ndo mnachofanya.

Kama utaanza na bajaji ya bosi kwa hesabu, yaani kila siku unampelekea hela mliyokubaliana, andika kila siku kwenye daftari: hesabu ya bosi, mafuta, chakula, na kinachobaki. Miezi mitatu tu utajua kama ukichukua ya mkataba, ile unayolipia kidogo kidogo mpaka iwe yako, utaweza au utanyang'anywa mwezi wa nane. Na hilo daftari ukilipeleka kwa afisa maendeleo linaongea kuliko magongo yako.

*Naandika kwa kidole kimoja samahani kwa makosa. Nina miaka 23 natumia kiti cha magurudumu, naongea taratibu lakini naongea. Tukienda mahali na dada yangu mhudumu anamuuliza yeye, huyu anakunywa nini? Kinyozi anamuuliza yeye, huyu tumnyoe vipi? Hospitali dokta anamuuliza yeye, huyu anaumwa wapi? Na dada anajibu. Anajibu vizuri kabisa na ananipenda. Nifanyeje?*

Makosa sijayaona.

Hii meseji nilimsomea mdogo wangu akacheka mpaka akapaliwa, akaniambia, "mwambie hata mimi yalinikuta, na aliyekuwa ananijibia ni wewe." Kweli nilikuwa mimi. Nilikuwa najibu kwa sababu nilikuwa naona aibu ya ule ukimya, zile sekunde sita saba anazotumia kukusanya neno na watu wamesimama wanaangalia, nikawa naujaza ukimya kwa Fanta ambayo hata haipendi. Ni aibu yangu nilikuwa naitibu.

Tulichofanya ni hiki. Tulikubaliana nyumbani kabla hatujatoka kwamba mimi nikiulizwa namwangalia yeye, namwangalia tu, na mdomo nafunga. Mhudumu naye macho yake yanafuata yangu. Mara ya kwanza ilikuwa mateso, nilibana mkoba mpaka kucha zikaingia. Sasa hivi nikianza kufungua mdomo ananikanyaga na gurudumu la kiti chake, nina kovu.

Kwa hospitali andika mapema kwenye simu unaumwa nini tangu lini, dokta akiuliza mwonyeshe kioo halafu endelea kwa mdomo, na mwambie dada abaki nje siku moja. Kwa kinyozi tafuta picha ya kichwa unachotaka. Na kwenye soda anza Jumamosi hii, umsomee dada hii barua kwanza kama mimi nilivyomsomea mdogo wangu, halafu mtoke, agiza wewe, na bili ikija inyooshee mkono wewe.